Matunzo ya Wazee ni Haki Itokanayo na Kazi

Katika madarasa yetu ya siasa kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Mwanafunzi husimama akasema: ikiwa msingi wa ujamaa ni kazi, na asiyefanya kazi asile, je, mzee asiyeweza tena kushika jembe anakula kwa haki gani? Wenzake humjibu upesi kwamba anakula kwa huruma yetu. Jibu hilo ni kosa, wala si kosa dogo. Ndilo linalozaa desturi ya kugawa mablanketi na sabuni tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee duniani, halafu mzee akasahauliwa mpaka Oktoba nyingine.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kulitolea suala hili maelezo. Lilisema kwamba katika nchi ya kijamaa kila mwenye uwezo hufanya kazi, na likawataja wale walio na haki ya kuishi kwa jasho la wengine bila ya kuwa wanyonyaji: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao Taifa kwa wakati fulani halijaweza kuwapa kazi. Miaka mitano kabla ya hapo, katika kijitabu chake juu ya ujamaa cha mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alikwisha eleza kwamba mzee aliyeonekana kukaa bure katika jamii ya jadi alikuwa amefanya kazi kwa bidii siku za ujana wake. Kwa hiyo mzee si kupe. Kupe ni yule anayekula asichokitolea jasho akiwa na nguvu zake. Mzee anakula alichokwisha kukizalisha.

Hata hivyo tusiipambe jadi kupita kiasi. Makada wengi hupenda kusema kwamba zamani wazee waliheshimiwa kwa sababu watu walikuwa na adabu, na sasa adabu imekwisha. Maelezo hayo hayachimbi kiini. Heshima ile ilikuwa na mizizi katika uchumi: ardhi, ng'ombe na idhini ya kuoa vilikuwa mikononi mwa wazee, tena wazee wanaume. Mkoloni alipoleta kodi ya kichwa iliyolipwa kwa fedha taslimu, kijana aliacha kumtegemea baba yake akaenda kuitafuta fedha kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Manamba hao walitoka Kigoma, Songea, Ubena na kwingineko. Mwenye shamba alizitumia nguvu za ujana wao. Uzee wao hakuutaka. Aliyechoka alirudishwa kwao mikono mitupu, au alibaki kambini akiwa hana ndugu wala shamba. Ndipo ulipokatwa uzi uliomfunga kijana na mzee, na hotuba juu ya adabu haziwezi kuuunga tena. Hapana budi uungwe kwa mpango wa jamii nzima.

Mpango tulioupata baada ya Uhuru ulifuata mshahara. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964, ukageuka kuwa NSSF mwaka 1997, na mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa kuwa PSSSF. Hayo ni mambo mema. Lakini tazama nani yumo na nani hayumo. Yumo mwenye hati ya mshahara. Mkulima wa pamba wa Kwimba, mvuvi wa Kilwa na mama aliyeuza vitumbua miaka 40 hawamo. Wapo wanaodai kwamba hao hawakuchangia kitu. Hawakuchangia? Kwa miaka mingi mkulima aliuza pamba na kahawa kwa bei iliyopangwa, na sehemu ya thamani ya zao lake ilibaki katika bodi za mazao na kuingia katika hazina ya Taifa. Fedha za kigeni zilizonunua mitambo zilitoka katika mgongo wake. Alichangia, ila mchango wake haukuandikwa jina.

Zanzibar imeonyesha njia. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi hulipa Pensheni Jamii kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 70, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Jambo la kujifunza hapa ni lile neno "kila", kwa maana kiwango chenyewe bado ni kidogo. Mzee hapimwi umaskini wake, haulizwi ana watoto wangapi mjini, hapigi magoti mbele ya kamati. Tanzania Bara imefuata njia nyingine: mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF, ulioanza mwaka 2012, huzitafuta kaya zenye dhiki kubwa zaidi. Umesaidia wengi, hatukatai. Lakini popote penye kuchagua pana mchaguaji, na mchaguaji ana shangazi na wajomba. Tena kijiji ambacho karibu wote ni maskini hakielewi kwa nini mzee huyu apate na jirani yake akose. Kwa maoni yetu, haki isiyohitaji kuchaguliwa ndiyo inayolingana zaidi na maelezo ya Azimio.

Watasema nchi haina uwezo. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha watu wenye miaka 60 na zaidi kuwa kama milioni 2.5, na ile ya 2022 ikaonyesha karibu milioni 3.5, yaani chini ya asilimia 6 ya watu wote. Kuanza na wenye miaka 70, kama Zanzibar, ni kuanza na sehemu tu ya idadi hiyo.

Upande wa matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imemtaja mzee kuwa mwenye miaka 60 na zaidi, na utaratibu wa kuchangia gharama humsamehe mzee asiye na uwezo. Katika hospitali nyingi lipo dirisha la wazee. Lakini msamaha wa kulipa hautibu kitu mahali ambapo dawa ya shinikizo la damu imekwisha na mzee anaambiwa akainunue dukani. Tena kuna suala la kuthibitisha umri. Tukiwa katika semina kijijini tulimkuta bibi mmoja aliyekataliwa kitambulisho katika ofisi fulani kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alijua alizaliwa wakati wa njaa gani, na kwamba siku ya Uhuru alikuwa amebeba mtoto wa pili. Karani alitaka karatasi. Hesabu hiyo ya watoto wawili mwaka 1961 haihitaji karatasi, inahitaji karani anayetumia akili.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo makada wengi huliepa. Katika Shinyanga, Mwanza na sehemu za jirani, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa shutuma za uchawi, na dalili iliyotajwa ni macho mekundu. Macho hayo ni mekundu kwa sababu mama huyo ametumia maisha yake yote akipika kwa kuni na mavi ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Yaani alama ya kazi yake ndiyo iliyofanywa alama ya hatia yake! Mara nyingi nyuma ya ramli lipo shamba: mjane anakalia ardhi ambayo jamaa za marehemu mumewe wanaitamani. Mwaka 1928 mkoloni alitunga sheria ya uchawi, na mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Sheria pekee haitoshi ikiwa hati ya shamba haina jina la mjane.

Na ni vikongwe hao hao wanaolea. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, mayatima wengi wamelelewa na bibi zao, waliorudi shambani wakiwa na miaka 65 ili mjukuu apate daftari. Kumwita mama huyo tegemezi ni kutojua maana ya neno kazi.

Makao ya Serikali, kama Nunge, Kolandoto, Bukumbi, na Sebleni na Welezo huko Unguja, yanahitajika kwa wasio na mtu kabisa, na baadhi yalianza kama makambi ya wagonjwa wa ukoma. Hayawezi kuwa jibu la mamilioni. Wazee wengi wanataka kuzeekea kwao.

Basi kazi ya shina na tawi ianze na daftari. Waandikwe wazee wote wa shina, nyumba kwa nyumba, umri wao ukadiriwe kwa matukio wanayoyakumbuka na kuthibitishwa na majirani mbele ya mkutano. Pembeni ya kila jina iandikwe: anaishi na nani, analea watoto wangapi, haoni au anaona, shamba lina jina la nani. Asiyeona kwa mtoto wa jicho apelekwe akapasuliwe, kwani hiyo ni operesheni fupi inayomrudisha mtu kwenye shughuli zake. Mjane anayenong'onezwa uchawi atembelewe wiki hiyo hiyo, kabla mnong'ono haujafika kwa mpiga ramli, na anayeunong'ona aulizwe wazi katika mkutano anautaka mpaka upi wa shamba.