Wavu Uliokatwa Vipande

Katika mpira wa kikapu, mchezo ambao urefu wa kimo aghalabu huhesabiwa kuwa nusu ya ustadi, yuko mchezaji mmoja katika kila timu ambaye ufupi wake husamehewa maadamu macho yake yanaona mbali: mwendesha mchezo, apokeaye mpira nyuma, akatazama wenziwe walivyosimama, akajua nani apewe na lini. Dawn Staley, aliyezaliwa mwaka 1970 na kulelewa katika nyumba za umma kaskazini ya mji wa Philadelphia, Marekani, ambako aliupata mchezo kwa kushindana na wavulana, alikuwa wa namna hiyo. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 168, na mama yake alitafuta riziki kwa kusafisha nyumba za watu.

Chuo Kikuu cha Virginia kilimpokea mwaka 1988, na katika miaka yake minne timu ilifika nusu fainali ya taifa mara tatu. Iliyo chungu ni ile ya 1991, ambapo walivuka hadi fainali, wakapelekana na Tennessee mpaka muda wa nyongeza, wakashindwa 70 kwa 67, ilhali tuzo ya mchezaji bora wa mashindano akapewa yeye, wa upande uliolia. Sidhani kama ipo heshima iliyo nzito kuibeba kuliko hiyo. Aliondoka chuoni bila taji, na ingawa baadaye alijipatia dhahabu tatu za Olimpiki, 1996, 2000 na 2004, na huko Athens akakabidhiwa bendera ya taifa lake aitangulize mbele ya wenziwe, deni la chuoni lilibaki palepale.

Ualimu hakuutafuta, ulimfuata. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Temple, katika mji wake mwenyewe, kilimwomba aiongoze timu ya wanawake, akakubali bila kuacha kucheza, ikawa wakati wa baridi anafundisha na wakati wa joto anaingia kiwanjani kwa ujira, hata alipostaafu mwaka 2006. Wako walioshangaa, lakini mtu aliyezoea kuwapanga wenzake huku jasho likimtiririka, kipi kigeni kwake katika kuwapanga akiwa amesimama kando?

Miaka miwili baadaye alihamia South Carolina, na msimu wa kwanza haukuwa wa kujivunia: michezo 10 alishinda, 18 akashindwa. Alivumilia. Mwaka 2017 akatwaa taji lililomponyoka akiwa binti wa chuo, akalirudia 2022, na tena 2024, kwa michezo 38 pasina kushindwa hata mmoja.

Katika mashindano ya vyuo vya Marekani ni desturi ya washindi wa fainali kupanda ngazi na kuukata wavu wa goli. Carolyn Peck, mwanamke mweusi wa kwanza kulipata taji hilo akiwa kocha, akiwa na timu ya Purdue mwaka 1999, alikuwa amempa Staley kipande cha wavu wake akiweke mpaka apate wa kwake. Alipoupata, Staley naye akaukata vipande vidogo vidogo, akawapelekea makocha wanawake weusi wa vyuo vingine, wakiwamo wapinzani wake.