Silinda ya Nta: Babu wa Kitabu cha Sauti

Je, wajua kwamba mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika, watu wa kusini mwa Tanzania ya leo waliimba mbele ya pembe ya fonografu, na nyimbo zao zikahifadhiwa? Kilichozibeba ni silinda ya nta, babu wa vitabu vya sauti vya historia tunavyosikiliza leo simuni.

Thomas Edison alibuni fonografu mwaka 1877. Mwaka uliofuata aliorodhesha kazi ambazo mashine hiyo ingeweza kufanya, na mojawapo ilikuwa kuwasomea vitabu wasioona. Mwanzoni sauti ilichorwa kwenye karatasi ya bati. Nta ilikuja katika muongo wa 1880.

Silinda ni bomba fupi la rangi ya kahawia, tupu ndani, lenye urefu wa sentimita 10 na ushee. Ingawa huitwa nta, si ile ya nyuki, bali ni aina ya sabuni ngumu iliyopikwa kwa asidi za mafuta na madini. Mtu akiimba, sauti huingia kwenye pembe na kutikisa kiwambo chembamba. Kiwambo nacho husukuma ncha kali inayochimba mfereji kuizunguka silinda, mara ikizama, mara ikipanda. Katika sentimita moja hupita mistari 40 hivi ya mfereji huo. Umeme hauhitajiki: kinachochonga ni nguvu ya sauti ya mwimbaji. Baada ya dakika mbili tatu, silinda imejaa.

Mashine ya namna hii ndiyo aliyokuja nayo Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Alishuka Lindi, akaenda Masasi na Newala, katika nchi iliyokuwa imevurugwa na vita. Maji Maji ilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, na jeshi la Wajerumani lilijibu kwa kuchoma mashamba na maghala. Inakadiriwa kwamba watu hadi 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa. Miongoni mwa nyimbo alizonasa Weule zimo za Wanyamwezi, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel wa Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin alichapisha uchambuzi wa nyimbo za kabila hilo.

Udhaifu wa nta ni kwamba kila inapochezwa, sindano huila, na ikikaa penye unyevu, huota ukungu. Kwa hiyo mafundi wa Berlin walitengeneza kalibu za shaba za kufyatulia nakala mpya, ingawa kazi hiyo iliiharibu silinda ya asili. Vita Kuu ya Pili ilipotokea, mkusanyo wa Berlin ulihamishwa, ukaangukia mikononi mwa Wasovieti, na sehemu kubwa ikarejea kwenye makumbusho yake mwaka 1991. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Siku hizi kuna mtambo wa Marekani uitwao IRENE, ambao hupiga picha za mfereji kwa kamera, kisha kompyuta huzigeuza kuwa sauti bila sindano kuigusa nta.

Lakini teknolojia ni nusu tu ya kazi. Wapassamaquoddy wa Maine, Marekani, walirekodiwa na Jesse Walter Fewkes mwaka 1890. Karne moja na zaidi baadaye, Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ilisafisha rekodi hizo na kushirikiana na jamii yenyewe. Sasa wazee ndio wanaoeleza wimbo gani ni wa nini, na upi usitangazwe kwa kila mtu.

Sisi pia tunaweza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita vijijini wakiwahoji wazee waliokuwa na kumbukumbu za Maji Maji. Ushuhuda huo ukisomwa kwa sauti, na nyimbo za mwaka 1906 zikasikika kati ya sura na sura, tutakuwa na kitabu cha sauti cha vita vile katika lugha yetu. Kazi hiyo ianzie Newala na Masasi, kwa kuwachezea wajukuu wa waimbaji nyimbo hizo na kuomba idhini yao kabla ya mtu mwingine yeyote kuzisikia.