Kitabu cha Ubatizo na Diski Mbili

Watu wakianza kufikiri habari za arusi, ofisi za parokia huku Mbeya hupata wageni wengi. Mmoja atoka Chunya, mwingine Mbarali, kila mmoja ataka cheti cha ubatizo. Wengi hudhani kazi ya karani ni kuandika karatasi na kupiga muhuri. Sivyo. Karani hana budi kufungua kitabu, kulitafuta jina, na kutazama yaliyoandikwa pembeni: mtu huyu alipata Kipaimara? Je, amekwisha kufunga ndoa mahali pengine? Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa yaagiza mambo hayo yaandikwe katika kitabu cha ubatizo, hata kama ndoa ilifungwa mbali. Tena, mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa aweza kupeleka cheti cha ubatizo RITA kuwa ushahidi.

Basi fikirini: kitabu ni kimoja tu. Mchwa wakikila, au paa likivuja juu ya kabati, itakuwaje? Kanuni ya 876 yatoa njia: ikiwa hakuna atakayedhurika, yatosha shahidi mmoja wa kuaminika, au kiapo cha mtu mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Lakini kama wazazi na msimamizi wamekwisha kufariki, shahidi atatoka wapi? Wakubwa wa Kanisa waliliona jambo hili zamani. Sheria za mwaka 1917, katika kanuni ya 470, zilimwamuru paroko kupeleka nakala ya vitabu kwa askofu kila mwisho wa mwaka.

Siku hizi ofisi nyingi, na nyumba nyingine pia, huweka nakala katika kompyuta. Hapo ndipo habari ya diski inapoingia. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka kasi sana, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski ya kwanza, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa sentimeta 60 hivi, na yote ilibeba herufi milioni 5 tu. Ya leo yaingia mfukoni na kubeba vitabu vya parokia nyingi. Lakini ni chombo cha kuzunguka, nacho huchakaa kama gurudumu la baiskeli. Ikifa, hufa na vyote vilivyomo.

Dawa yake ni diski mbili katika kompyuta moja, na kila neno kuandikwa katika zote mbili kwa wakati ule ule. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, walieleza namna za kuunganisha diski za bei nafuu wakaziita RAID. Hii ya diski pacha huitwa RAID 1.

Kompyuta kuukuu ya mezani yafaa, maadamu ina nafasi ya diski mbili. Linux hupatikana bure, pamoja na programu iitwayo mdadm inayoziunganisha. Diski zilingane: ukiweka moja ya terabaiti 1 na nyingine ya 2, utapata 1 tu. Afadhali uzinunue maduka mawili, maana zilizotengenezwa siku moja huweza kuchakaa pamoja. Na kabla ya kuziunganisha, hamisha vyote vilivyomo, kwa sababu vyaweza kufutika.

Kazi ikiisha, kompyuta huonyesha alama [UU], yaani zote mbili ni nzima. Moja ikifa utaona [U_]. Ajabu yake ni kwamba kazi huendelea kama kawaida, na huo ndio mtego! Asiyetazama aweza kukaa miezi akiamini ana mbili, kumbe anayo moja. Yafaa kutazama kila juma. Ukiweka diski mpya, kunakili terabaiti 1 huchukua saa kadhaa, na katika saa hizo iliyobaki i peke yake.

Lakini msidanganyike. Diski mbili zakinga kifo cha diski moja, basi. Mtoto akifuta picha, hufutika kote kuwili mara moja. Mwizi huchukua sanduku zima. Na ninyi wa nyanda hizi za juu mwaijua radi ya masika. Ikiingia katika waya haichagui diski. Kwa hiyo pawe na diski ya tatu, ya nje, inayonakiliwa kila juma, ikachomolewa, ikawekwa nyumba nyingine. Kanuni ile ya 1917 haikusema nakala ikae kabati lile lile. Ilipelekwa kwa askofu. Tena ifungwe kwa neno la siri, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yalinda habari za watu.

Kitabu chenyewe cha karatasi kisitupwe kamwe. Mapadre huweka sahihi humo, si katika diski.

Nanyi nyumbani, picha za marehemu babu zilizo katika simu moja tu, na hati ya shamba, vinakiliwe vivyo hivyo. Na yeyote aliye na cheti cha zamani cha ubatizo au cha ndoa ya wazazi wake akipeleke parokiani Jumapili hii, kilinganishwe na kitabu, maana wino wa zamani kurasa nyingine hausomeki tena.