Clod Buster na matairi yake: jinsi lori la rimoti linavyobadilishwa na kutunzwa

Clod Buster ni lori dogo la kuongozwa kwa redio ambalo kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ililitoa mwaka 1987, na ambalo hadi leo lina wapenzi wanaolifumua na kulisuka upya karibu kila sehemu. Limeundwa kwa kipimo cha 1:10, kwa umbo la pikapu ya Chevrolet iliyopandishwa juu ya matairi makubwa mno. Kila tairi lina kipenyo cha milimita 165 hivi. Mota zake ni mbili, moja imefungwa kwenye ekseli ya mbele na nyingine kwenye ekseli ya nyuma, kwa hiyo hakuna shafti ndefu inayopita chini ya chasisi kupeleka nguvu. Magurudumu yote manne hukata kona.

Tamiya ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikahamia kwenye vifaa vya kuunda modeli, na mwaka 1976 ikatoa gari lake la kwanza la kuongozwa kwa redio, Porsche 934. Malori yalifuata baadaye, na mfano wake ulitoka Marekani. Katika jimbo la Missouri, Bob Chandler alikuwa ameibadilisha pikapu yake ya Ford F-250 ya mwaka 1974, akaiita Bigfoot, na mwaka 1981 akaipitisha juu ya magari mabovu shambani na kuyaponda. Watu walipolipenda tamasha hilo, malori ya aina hiyo yakazidi kukua, na matairi yakafikia kimo cha inchi 66. Matairi hayo hayakubuniwa kwa ajili ya michezo. Yalikuwa ya mashine za kumwagia mbolea mashambani, na meno yake yenye umbo la herufi V yaliwekwa ili kusukuma tope kando na kuzuia mashine isizame. Clod Buster ilirithi meno hayo, na pamoja nayo ikarithi tatizo.

Tatizo ni kudunda. Lori likiruka kutoka kilimani na kutua, tairi lake gumu lenye uwazi ndani hulirusha tena hewani, na mara nyingi hutua mara ya pili kwa ubavu. Sababu iko katika hesabu ya vipimo, na anayeielewa ameelewa nusu ya kazi ya kubadilisha malori haya. Lori halisi la aina hii lina uzito wa tani 5 hivi. Likipunguzwa mara 10 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hupungua mara 1,000, na kubaki kama kilo 5. Lakini sehemu ya tairi inayogusa ardhi hupungua mara 100 tu. Maana yake, kila sentimita ya mraba ya mpira katika lori dogo hubeba sehemu moja ya kumi ya mzigo unaobebwa na sentimita kama hiyo katika lori kubwa. Mpira ule ule, uliofinyangwa kwa umbo lile lile, hautabonyea inavyotakiwa. Kwa lori dogo unahitajika mpira laini zaidi, mwembamba zaidi, au uliopunguzwa kwa mkono.

Jambo la pili linalowashangaza wageni wa mchezo huu ni kwamba tairi la lori la rimoti, kwa kawaida, halijazwi upepo. Hewa iliyo ndani ina kanieneo sawa na ya nje. Umbo la tairi linashikiliwa na ugumu wa mpira wenyewe, na katika matairi mengi ya kisasa, na pete ya sponji iliyowekwa ndani. Ndiyo maana matundu ya kupumulia yana umuhimu mkubwa. Tairi likibonyezwa wakati wa kutua, hewa lazima ipate pa kutokea. Ikikosa njia, hugeuka springi na kulirudisha lori juu. Mafundi wengi hutoboa matundu mawili ya milimita 3 au 4 kwa kila gurudumu, yakitazamana ili yasilete kuyumba. Kuyatoboa kwenye rimu huzuia mchanga usiingie kwa wingi, lakini maji yakishaingia hukaa. Kuyatoboa katikati ya uso wa tairi huwezesha mzunguko kuyatupa maji nje. Kwa anayeendesha kwenye matope, njia hii ya pili ni bora.

Sponji nayo si ya aina moja. Ile yenye vinyweleo vilivyo wazi ni laini na ya bei nafuu, lakini hunyonya maji na baada ya miezi huanza kusagika. Ile yenye vinyweleo vilivyozibwa hainyonyi maji na hulishika tairi vizuri zaidi kwenye kona, ingawa ni ghali. Ikiwa tairi ni gumu tangu mwanzo, kuongeza sponji ngumu ni kuongeza ugonjwa. Kinachofaa hapo ni kupunguza mpira.

Kazi ya kuchonga meno ndiyo inayotenganisha fundi mvumilivu na mwenye haraka. Madereva wa malori makubwa ya Marekani huchonga matairi yao kwa mkono ili kuyapunguza uzito, na wapenzi wa Clod Buster wameichukua desturi hiyo kama ilivyo. Wapo wanaotumia kisu chenye makali mapya, kikilowekwa kwenye maji ya sabuni ili kiteleze, na wapo wanaotumia mashine ndogo ya kusagia inayoshikwa kwa vidole. Meno hupunguzwa kimo, au jino moja huondolewa na linalofuata huachwa, au kila jino hupasuliwa mpasuo mwembamba ili liweze kujipinda na kushika ardhi. Barakoa na miwani ni lazima unapotumika msumeno au msasa wa mashine, kwa sababu vumbi la mpira ni baya kwa mapafu.

Faida ya kuchonga ni kubwa kuliko uzito unaoonekana kwenye mizani. Gramu iliyo kwenye ukingo wa gurudumu lazima isukumwe mbele pamoja na lori na wakati huo huo izungushwe. Kuiondoa huipa nafuu mota, gia na breki kuliko kuondoa gramu hiyo hiyo kwenye bodi. Hata hivyo, matairi manne yanapaswa kubaki sawa. Mizani ya jikoni inatosha kuyapima, na tofauti ya gramu chache kati ya kulia na kushoto irekebishwe kabla ya kugundisha.

Kugundisha kunahitaji usafi zaidi kuliko nguvu. Tairi jipya hutoka kiwandani likiwa na mabaki ya mafuta yanayotumika kulitoa kwenye kalibu, na gundi haishiki juu ya mafuta. Mdomo wa tairi na mfereji wa rimu husafishwa kwa spiriti, kisha rimu hukwaruzwa kidogo kwa msasa. Tairi likishakaa sawasawa kuzunguka rimu yote, mdomo hufunuliwa kidogo kidogo na tone la supaglu jepesi kudondoshwa ndani, likajisambaza lenyewe. Upande mmoja ukauke kabla ya kugeuza. Tairi likibanduka baada ya mchezo mmoja, kosa karibu kila mara huwa ni mafuta yaliyoachwa.

Kulitoa tairi lililogundishwa ni kazi nyingine. Kuchemsha gurudumu ndani ya maji hulegeza supaglu, na mpira ukiwa bado wa moto huvutwa polepole. Asetoni huiyeyusha gundi hiyo haraka zaidi, lakini inahitaji tahadhari. Rimu za nailoni huihimili, ilhali rimu za plastiki aina ya ABS au polikaboneti huharibika. Asiyejua rimu yake ni ya nini achemshe. Kero hii ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa vipuri watoe rimu zenye pete za skrubu zinazobana mdomo wa tairi bila gundi. Ni nzito na ni ghali, lakini kwa mtu anayejaribu sponji na matairi tofauti kila wiki zinarudisha gharama yake. Kabla ya kununua rimu yoyote, ni vizuri kupima kitovu. Malori mengi ya 1:10 hutumia kitovu chenye pembe sita cha milimita 12, yale ya 1:8 mara nyingi hutumia cha milimita 17, na Clod Buster huhitaji adapta ili kupokea rimu za kawaida.

Katika malori mapya yenye mota zisizo na brashi na kasi kubwa, ugonjwa wa matairi ni mwingine. Likizunguka kwa kasi, tairi laini huvutwa nje na kugeuka jembamba na refu, sehemu inayogusa ardhi hupungua, na wakati mwingine mpira hupasuka. Tiba ya zamani ni kuzungushia utepe wa gundi wenye nyuzi ndani ya tairi kabla ya kuligundisha. Siku hizi yapo matairi yaliyosukwa mkanda wa nyuzi ndani ya mpira tangu kiwandani, na kwa mwenye gari la kasi hayo ndiyo ya kununua.

Tairi likishaanza kushika ardhi, udhaifu wa sehemu nyingine hujitokeza. Katika Clod Buster ya asili, sevo ya usukani, yaani mota ndogo ya kukatia kona, iko kwenye chasisi na huvuta magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa fito ndefu. Ekseli inapopanda na kushuka, fito hizo huyageuza magurudumu bila dereva kutaka. Marekebisho yanayoleta tofauti kubwa ni kuhamishia sevo juu ya ekseli yenyewe, ili vipande vyote vya usukani vitembee pamoja. Sevo hiyo iwe yenye gia za chuma, kwa kuwa matairi ya ukubwa huu huvunja za plastiki. Wapo wanaoifunga ekseli ya nyuma isikate kona kabisa.

Kwa kuwa mota inakaa juu ya ekseli, kila inaposukumwa kwa nguvu hujaribu kuizungusha ekseli upande wa pili, na lori huinamia upande mmoja. Fito nne ndefu za kuishikilia kila ekseli, pamoja na shokamzoba za mafuta badala ya zile za kusuguana, hupunguza tabia hiyo. Mafuta ya shokamzoba ni ya silikoni. Tairi lililopunguzwa uzito huhitaji mafuta mepesi kuliko lile la awali, jambo ambalo wengi hulisahau.

Upande wa umeme una mtego wake. Boksi za gia za mbele na nyuma ni za aina moja, zimegeuziana mgongo, kwa hiyo mota moja lazima izunguke kinyume cha nyingine. Mota ya brashi iliyotegwa kwenda kasi zaidi upande mmoja itakuwa dhaifu upande wa pili, na ekseli mbili zitavutana. Mota za kufaa ni zile zisizopendelea upande wowote. Baada ya kubadilisha gia au matairi, joto la mota lipimwe baada ya dakika chache za kuendesha. Likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, gia ndogo ya mota ipunguzwe meno.

Ekseli hizi zenye nguvu ziliwavutia pia wapenzi wa kupanda miamba, na wengi wao walizitumia kabla makampuni hayajaanza kuuza magari ya mchezo huo yaliyo tayari. Huko kanuni hugeuka. Mwendo ni wa polepole, difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya ekseli kutofautiana kasi, hufungwa ili yazunguke pamoja, na uzito huongezwa makusudi kwenye magurudumu, hasa ya mbele, kwa pete za shaba au risasi, ili lori lisipinduke kwenye mteremko mkali. Matairi ni laini sana, na gramu ambazo mrukaji alizichonga kwa jasho, mpanda miamba huzilipia pesa.

Matunzo ya kila siku hayahitaji vifaa vingi. Vumbi huondolewa kwa brashi kavu kabla halijachanganyika na mafuta. Maji yaliyoingia kwenye matairi hutolewa kwa kuyazungusha hadi matundu yawe chini, kwa sababu sponji iliyolowa huongeza uzito na huozesha gundi. Beringi zisizozunguka kwa ulaini husafishwa na kutiwa tone la mafuta mepesi. Nati za magurudumu hukazwa kila baada ya mchezo. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee huwekwa pale chuma kinapoingia kwenye chuma pekee, maana kwenye plastiki huleta nyufa. Gia zikifungwa upya, kipande chembamba cha karatasi kikipita kati ya meno huonyesha nafasi inayofaa.

Betri ya lithiamu polima ndiyo sehemu pekee inayoweza kuunguza nyumba, na haistahili mzaha. Kila seli hujaa ikifika volti 4.2, na haifai kushushwa chini ya volti 3 hivi. Ichajiwe kwa chaja yake, mbali na vitu vinavyoshika moto, na mtu awepo karibu. Iliyovimba haitumiki tena. Lori likiwekwa kwa wiki kadhaa, seli ziachwe kwenye volti 3.8 hivi, betri itolewe ndani ya lori, na chasisi iwekwe juu ya kibao ili magurudumu yaning'inie, la sivyo uzito wa lori hulalisha sponji upande mmoja na tairi huzunguka likiwa na bonde.