Nyumba ya Haneti na Mafungu Thelathini na Mawili

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati mwaka 2016, familia nyingi za watumishi, yetu ikiwamo, zimejikuta zikitafuta makazi katika nyanda hizi kavu ambazo awali tulizijua kwa kuzipita ndani ya basi tu. Uamuzi wenyewe wa kuhamisha makao makuu ni wa tangu mwaka 1973, lakini bei za viwanja zilisubiri watu wafike ndipo zikapaa. Mjini tulipanga vyumba viwili kwa familia ya watu sita. Ndipo tukaanza kuulizia nyumba vijijini, na rafiki mmoja akatuelekeza Haneti.

Haneti ipo Wilaya ya Chamwino, upande wa kaskazini. Wapenzi wa vito wanaijua kwa jiwe la kijani liitwalo krisopresi litokalo katika vilima vyake. (Tuseme mapema, maana tumeulizwa na zaidi ya mtu mmoja: anunuaye nyumba hapo hanunui jiwe lililo chini yake. Madini ni mali ya umma na huchimbwa kwa leseni.) Wenyeji ni Wagogo, pamoja na Warangi na wengine waliokuja kwa kilimo, mifugo na biashara. Tulipofika mara ya kwanza, mwezi wa Agosti, wazee waliokuwa chini ya mbuyu walitusalimu "Mbukwenyi", nasi tukaitikia kwa kubahatisha. Baada ya kelele za mjini, kimya cha pale kilituingia mwilini. Adhana ya Alasiri ilisikika moja tu, kutoka msikiti mmoja, bila kugongana na nyingine.

Nyumba tuliyooneshwa ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, imejengwa kando ya tembe la zamani la udongo lililokuwa limebakia ghala la mtama. Uwanja ulikuwa mpana, wenye mwarobaini na banda la mbuzi. Muuzaji alikuwa kijana wa makamo, Muislamu mwenzetu, mpole na mwenye haraka. Alitaka shilingi milioni nane. Kwa waliozoea bei za mjini, ile ilikuwa sawa na kuokota. Tulikubaliana kwa maneno siku ileile, tukasoma Fatiha, tukaahidi kurudi na fedha.

Tulirudi Februari, na hilo tunamshukuru Mwenyezi Mungu, kwa sababu tulichelewa kwa ajili ya ada za shule wala si kwa hekima yetu. Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Anayekagua nyumba wakati wa kiangazi huona nusu yake. Njia tuliyoipita Agosti tukidhani ni barabara, Februari ilikuwa korongo lenye maji mekundu, na gari tuliliacha mbali. Ukuta wa nyuma ulikuwa na mistari ya mchwa hadi kwenye kenchi. Choo kilijaa maji. Haya yote yana dawa, nasi tulikuwa tayari kuyavumilia. Lililotuzuia lilikuwa jambo jingine.

Wakati wanaume wamekaa barazani wakihesabu, mmoja wetu, yaani mama wa nyumba yetu, aliingia jikoni kumsaidia bibi mwenye nyumba kuchambua mlenda. Bibi huyo ndiye mama mzazi wa muuzaji. Mara ya kwanza alituletea maji, akainama, akaondoka bila neno. Safari hii aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, nanyi mkishahamia, mimi mtaniweka chumba kipi?"

Hapo ndipo tulipojua. Marehemu mumewe aliletwa pale katika Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipotolewa katika makazi ya kutawanyika na kukusanywa vijijini, akagawiwa kiwanja hicho, akajenga tembe, baadaye nyumba. Alipofariki hakuna aliyegawa kitu. Mbali na mjane na kijana yule, kulikuwa na mabinti wawili, mmoja ameolewa Itiso, mwingine Kondoa. Hakuna aliyewaambia kwamba nyumba ya baba yao inauzwa. Mjane mwenyewe alikuwa ameelezwa kwamba "wageni wanakuja kukaa".

Tulipomuuliza kijana, hakukana. Alisema, "Shemeji, dada zangu wameolewa, wana kwao." Maneno haya tumeyasikia Kigoma, Tanga na Dar es Salaam, na yanasemwa na watu wanaoswali safu ya mbele. Lakini Aya ya 11 na ya 12 za Suratun-Nisaa hazina kifungu cha "wana kwao". Hesabu ya nyumba ile ni nyepesi, na tuliifanya palepale juu ya karatasi ya sukari. Mjane ana thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume sawa na wa kike wawili. Ukiigawa mali mafungu 32, mjane anapata 4, kijana 14, na kila binti 7. Kwa milioni nane, mjane ni milioni moja, kijana milioni tatu na nusu, kila binti milioni moja na laki saba na nusu. Kijana alikuwa anauza mafungu 32 ilhali anamiliki 14.

Maana yake ni kwamba fedha zetu zisingetosha kuifanya nyumba ile kuwa yetu hata kama tungezimimina zote mkononi mwake. Tungekaa katika mafungu 18 ya wanawake watatu ambao hawakutuuzia, tukiswali humo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi wetu tumelisahau, nalo ni shufaa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kutangulizwa pale mwenzake anapouza fungu lake kwa mgeni. Mahanafi huipanua haki hiyo hadi kwa jirani. Imam Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafii, aliyekuwa mtumwa wa Mtume (SAW) kisha akaachwa huru, alipotaka kuuza vyumba vyake vilivyokuwa katika uwanja wa Saad bin Abi Waqqas. Saad alimpa elfu nne, tena kwa awamu, na Abu Rafii alikwisha kupewa ahadi ya dinari mia tano na mtu mwingine, bei iliyo kubwa zaidi. Alimuuzia Saad kwa sababu alimsikia Mtume (SAW) akimtanguliza jirani. Ikiwa sahaba alikubali hasara kwa ajili ya jirani, kaka anayemficha dada yake mnunuzi ana hoja gani?

Sheria ya nchi nayo haimsaidii mwenye haraka. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, anachouziwa mtu kijijini ni haki ya kimila ya kutumia ardhi, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na uhamisho unatakiwa upite hapo. Sheria hiyohiyo ilithibitisha viwanja walivyogawiwa watu wakati wa vijiji, kati ya mwaka 1970 na 1977, hivyo kiwanja cha mzee yule kilikuwa halali. Karatasi ya mauziano iliyoandikwa dukani kwa mashahidi wawili marafiki wa muuzaji, kama ile tuliyokuwa tumeandaliwa, ingetuingiza kwenye baraza la ardhi kabla ya mavuno.

Tulirudi mjini na fedha zetu. Kijana alikasirika, na kwa wiki kadhaa hakupokea simu. Kisha imamu wa pale, mzee asiyependa maneno mengi, aliwaita wote baada ya Ijumaa. Binti wa Kondoa alisema yu tayari kuuza fungu lake, ana mtoto wa kusomesha. Binti wa Itiso alikataa katakata. Hakutaka fedha. Alisema mama yake hatalala katika nyumba ya watu, na yeye siku akiachika anataka pa kurudi. Kaka yake alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakuwahi kulifikiria hilo la kuachika. Tunamwamini.

Mwisho wake nyumba haikuuzwa. Waligawana kwanza, kwa maandishi, kama Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah inavyotuelekeza katika miamala. Kijana na dada yake wa Kondoa wakatoa mafungu yao upande wa mashariki wa uwanja, ambako hakuna jengo. Binti wa Itiso aliulizwa mbele ya watu kama anautaka upande huo kwa bei yetu. Akasema hautaki, anautaka mpaka tu uonekane. Sisi tukanunua kipande hicho, muhtasari wa halmashauri ya kijiji ukaandikwa, na wanawake wote watatu wakatia saini au dole gumba.

Tumepata kiwanja kitupu pale tulipotarajia nyumba, na gharama za kujenga zimetuelemea. Maji tunanunua kwa ndoo, na mafundi huondoka msimu wa kulima. Msingi umefika usawa wa ardhi. Kuku wa bibi wamekwisha kuuzoea, wanataga ndani ya mchanga wetu wa ujenzi, naye huvuka kila asubuhi kuokota mayai na kutuachia mawili. Binti wa Itiso alipokuja Idi alipanda mwarobaini mpakani, hatua moja ndani ya upande wao.