Picha ya Kiongozi na Barakoa Yetu

Mtoto hujifunza kwa kutazama kuliko kwa kuambiwa. Nasi watu wazima tu hivyo hivyo, hasa tukimtazama kiongozi gazetini.

Mwezi Februari 2021, Dkt. Philip Mpango, mwana wa Buhigwe mkoani kwetu, wakati huo Waziri wa Fedha, alizungumza na waandishi wa habari hospitalini Dodoma ili kukanusha uvumi kwamba amefariki. Alikohoa mbele ya kamera bila barakoa. Uvumi ulikoma, lakini aliyeiona picha angeweza kudhani kwamba hata mgonjwa hana haja ya kujifunika. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alipigwa picha Ikulu akichanjwa dhidi ya UVIKO-19, amevaa barakoa. Aliyekuwa akiona haya kuivaa akapata wa kumwiga.

Hata hivyo, picha huonyesha dakika moja tu. Tusiulize nani amevaa, bali barakoa inafanya kazi gani. Huzuia matone yanayomtoka mtu akikohoa, akipiga chafya au akisema. Kazi hiyo ni moja, kwa waziri na kwa mvuvi.

Hadi leo kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya akapimwe makohozi. Dawa zake hutolewa bure. Akipanda boti au akija kanisani, avae barakoa. Nasi tusimcheke wala kumkimbia: ameivaa kwa ajili yetu.