Kiswahili Juu ya Kitufe: Tulichojifunza Al-Sulay

Al-Sulay iko upande wa kusini-mashariki wa Riyadh. Ukitoka katikati ya jiji unaona maduka yakipungua na maghala yakiongezeka, malori yamepangana kandokando ya barabara, na watu wa mataifa mengi wanasubiri zamu. Sisi wanachama watatu tunaosoma kompyuta tulianza kwenda huko siku za Ijumaa baada ya sala kwa sababu mbili: kuna Waswahili, na kuna chai ya maziwa yenye iliki.

Ijumaa moja mzee wetu mmoja, mwenyeji wa Tanga anayefanya kazi ghalani, alipokea shikamoo zetu, kisha akatupa simu yake. Kwenye skrini palikuwa na vitufe viwili vya Kiarabu, na vyote vilianza na neno moja: khuruj.

"Wanangu," akasema, "kimoja kinanipeleka Tanga na kunirudisha. Kingine kinanipeleka Tanga, basi. Kipi ni kipi?"

Mzee yule amesoma madrasa. Herufi anazitamka vizuri kuliko sisi, lakini lugha ya ofisini inampita. Kitufe kimoja kilikuwa cha viza ya kutoka na kurudi. Cha pili kilikuwa cha kutoka kwa mwisho, yaani kufunga kazi na kuondoka nchini. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kwenda kumwoza, kisha arudi kazini. Programu ile ilikuwa na orodha ya lugha, ila Kiswahili hakikuwemo.

Tukumbushe kwamba tangu mageuzi ya kazi yaliyoanza Machi 2021, wafanyakazi wengi wa sekta binafsi nchini Saudia wanaweza kuomba wenyewe viza hizo mbili kwa njia ya mtandao, bila kungoja mwajiri aombe kwa niaba yao. Wafanyakazi wa majumbani na madereva wa nyumbani hawakuingizwa katika mageuzi hayo, na dada zetu wengi wa Afrika Mashariki wamo katika kundi hilo. Lakini kwa mtu wa ghalani, uamuzi ambao zamani ulipita ofisini sasa uko chini ya kidole chake. Ndiyo maana maana ya kitufe ni jambo zito.

Wazo la kwanza: kibandiko

Tukiwa njiani kurudi tuliona suluhisho ni jepesi. Tungetengeneza programu inayoweka kibandiko cha Kiswahili juu ya kila kitufe cha Kiarabu.

Skrini ya simu hupangwa kwa matabaka. Chini kabisa iko programu unayoitumia, na juu yake huweza kuja dirisha dogo, arifa au kibodi. Simu za Android huruhusu pia programu moja kuchora juu ya nyingine, mradi mwenye simu ameikubalia. Wengi wetu tuliliona jambo hilo mwaka 2013, Facebook walipoleta vile viduara vya sura za marafiki vinavyoelea juu ya kila kitu. Kwenye iPhone, programu za kawaida haziruhusiwi kuchora namna hiyo juu ya nyingine, lakini karibu wote tunaokunywa nao chai Al-Sulay wana Android.

Tulitumia Flutter, zana ya Google iliyotoka rasmi kwa toleo la kwanza Desemba 2018. Tuliipenda kwa sababu huchora yenyewe kila kitu kwenye skrini. Ukitaka kitufe chenye umbo lako mwenyewe, hulazimiki kubembeleza vitufe vya simu. Kwa majaribio hatukugusa huduma yoyote ya kweli. Tulitengeneza skrini ya mfano yenye vitufe viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, tukaipima kwenye simu zetu bwenini, na vibandiko vikakaa sawasawa.

Ijumaa iliyofuata tulimpa mzee aijaribu kwenye simu yake. Akasoma kwa sauti, "Kutoka na kurudi," akabonyeza. Skrini yetu ya mfano ikajibu kwa Kiarabu: khuruj niha'i. Kutoka kwa mwisho.

Hakuna aliyecheka. Mzee ndiye aliyevunja ukimya: "Sasa ingekuwa ya kweli?"

Kulia na kushoto

Kosa lilikuwa letu. Simu zetu za bwenini zilikuwa kwa Kiingereza, na ya mzee ilikuwa kwa Kiarabu. Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, simu inayotumia Kiarabu inaweza kuugeuza mpangilio mzima wa skrini: kinachoanzia kushoto huanzia kulia. Kitufe cha kwanza kilihamia kulia, cha pili kikaja kushoto. Vibandiko vyetu, tulivyovipima kwa umbali kutoka ukingo wa kushoto, vilibaki palepale. Kila Kiswahili kikaketi juu ya kitufe cha mwenzake.

Dawa inafahamika kwa waundaji wa programu. Usiandike "kushoto" na "kulia", andika "mwanzo" na "mwisho", kisha uiache simu ijue mwanzo wa lugha hiyo uko wapi. Tuliona aibu kidogo. Sisi ni wanafunzi wa lugha ambayo kwa karne nyingi iliandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia, na tulisahau kwamba ukurasa una pande mbili za kuanzia.

Lakini dawa hiyo hufaa ndani ya programu yako mwenyewe. Juu ya programu ya mtu mwingine, kibandiko hakijui kilicho chini yake. Ukurasa ukisogezwa, kibandiko hubaki. Mwenye programu akihamisha kitufe kesho, kibandiko kitadanganya. Ili kijue, kingehitaji kusoma skrini, na kusoma skrini ya programu nyingine kunahitaji ruhusa ya pili: ile ya huduma za ufikivu, zilizowekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wenye shida ya kutumia mikono.

Hapo tulisimama. Ruhusa ya kuchora juu na ruhusa ya kusoma skrini ni jozi ileile ambayo watafiti wa Georgia Tech na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara walionya juu yake mwaka 2017. Walionyesha kwamba programu yenye ruhusa hizo mbili inaweza kumwonyesha mtu kitu kimoja huku kidole chake kikikubali kingine, na hata kuiba neno la siri. Wezi wa akaunti za benki hutumia ujanja wa jamii hiyo: wanaweka ukurasa wa bandia juu ya ule wa benki. Ndiyo sababu Android 12 ya mwaka 2021 ilianza kuzuia miguso mingi inayopenya kwenye matabaka ya programu nyingine, na ikawapa waundaji uwezo wa kuficha matabaka hayo juu ya kurasa zao nyeti.

Tulikuwa tumemwomba mzee ile ruhusa ya kwanza. Alikubali bila kusoma. "Nyinyi ni wanangu," alisema, "semeni nibonyeze wapi, nabonyeza." Tungemzoesha yeye na wenzake kukubali ombi la namna ile, na siku ambayo mwizi angeleta ombi lilelile kwa Kiswahili fasaha, wangelikubali kwa sababu yetu. Programu ile tukaifuta.

Kando, si juu

Tuliyonayo sasa ni ndogo zaidi na haiombi ruhusa yoyote. Ni msamiati wa maneno ya ofisini: neno la Kiarabu kama linavyoonekana kwenye skrini, matamshi yake, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja inayoeleza litakalotokea ukibonyeza. Mtu anagawa skrini ya simu sehemu mbili, huduma anayoitumia ikiwa upande mmoja na msamiati wetu upande wa pili. Analinganisha kwa macho yake, kisha kidole ni chake.

Tabaka la juu bado lipo, ila ndani ya nyumba yetu wenyewe. Ukigusa neno, maelezo huinuka kutoka chini na nyuma yake hufifia. Tulijiwekea masharti matatu. Tabaka lisifunike neno linaloelezwa. Lifungwe kwa kugusa popote nje yake. Na kila cha kubonyeza kiwe na upana na urefu usiopungua vipimo 48 vya Android, karibu milimita 9, kwa sababu vidole vya mbeba mizigo si vya mwanafunzi. Kiswahili nacho kilitupa kazi: "kutoka na kurudi" ni refu kuliko maneno ya Kiarabu, kwa hiyo vitufe vyetu hurefuka kwenda chini badala ya kukata neno katikati.

Kazi iliyobaki ni ya chama

Kazi ya kompyuta ilichukua wiki chache. Maneno bado yanatusumbua. Mwanzoni viza ya mwisho tuliiita "kutoka moja kwa moja", mpaka msomaji mmoja akaelewa kwamba ni safari ya ndege isiyotua njiani. Tukajaribu "kutoka kwa mwisho", mwingine akauliza kama ndiyo foleni ya mwisho. Sasa tunatumia "kuondoka bila kurudi kazini". Ni refu, lakini hakuna aliyelikosea hadi leo. Neno "ghairi" wenzetu wa Pwani wanalielewa mara moja. Wa bara wanauliza kwa nini tusiseme "futa", na sisi tunaogopa kwamba kufuta ombi na kughairi kulituma ni mambo mawili.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Waliofanya kazi ile walipambana na maswali ya aina hii, na bila shaka nao walibishana mpaka chai ikapoa.

Tunawaomba walimu wetu na wanachama mtusaidie kwa maneno manne ambayo hatujaafikiana: ghairi, wasilisha, kafili na uhamisho wa huduma. Msituletee tafsiri ya kamusi peke yake. Leteni sentensi ambayo mzee wa Tanga akiisoma saa 5 usiku, amechoka na zamu, atajua kidole kiende wapi.